A Iko Chini ya Kiti

Nyinyi wenzangu wa jikoni mmeniuliza mara tatu, na mara zote tatu nimegeuza uso nikaendelea kusonga ugali wa wanafunzi. Nimesikia mnanong'ona kwamba Nafula amerudi na kisirani. Ndiyo, nimerudi nacho, tena kikubwa. Basi nimewaandikia, msome kwa zamu, kisha asiniulize mtu tena eti likizo ilikuwaje.

Mume wangu mnamjua. Baba Nekesa, Wafula, aliyestaafu ukarani juzi na tangu hapo hakai chini. Siku moja aliona Wazungu wawili wakipita na baskeli zenye mifuko huku na huku, watu wanaolala wanapotaka na kupika chini ya miti. Akarudi nyumbani macho yamemtoka. "Mama Nekesa, hayo ndiyo maisha!" Nikamwambia mimi nina magoti ya miaka hamsini na mbili, na ya kupika nje nimeyafanya shuleni miaka kumi na minane bila kuyaita maisha.

Safari yangu mimi ilikuwa ya asubuhi moja tu. Baba yangu, Mzee Egesa, anaishi Lumino, upande wa Uganda. Enzi za nguvu zake alibeba watu kwa baskeli pale mpakani Busia, geti hadi geti, wakati boda boda ilikuwa bado ni sauti tu ya vijana wakiita abiria: "Boda! Boda!" Kwa baskeli hiyo tulisoma sote saba. Alipochoka alirudi kwao, baskeli akaniachia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naipaka mafuta. Ni blackmamba, nyeusi, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Nyuma ina kiti chekundu cha abiria, ubao uliowekewa sponji na kuvikwa rexine, ile ngozi ya plastiki, umefungwa kwenye keria kwa nati nne.

Rexine hiyo aliishona marehemu mama. Alitaka kuandika RUDI SALAMA kwa uzi mweupe, lakini alianza na herufi kubwa mno, akafika ukingoni na A moja imebaki mkononi. Mama hakuwa mtu wa kufumua. Ile A akaishona chini, kwenye pindo linalokunjwa kuingia chini ya ubao, mahali asipoona mtu. Juu kukabaki RUDI SALAM, na watu wa mpakani wakamwita baba "Salam" mpaka leo.

Sasa Baba ana presha ya macho. Jicho la kulia lilishazima. La kushoto lilibaki linaona saa sita mchana tu, jua likiwa kali, tena kidogo, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Daktari alimwambia nalo halitakawia. Akanipigia simu. "Nafula, niletee baskeli niione. Na kile kiti cha mama yako. Nikishakiona, basi, jicho lifanye linavyotaka."

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Mngeifunga juu ya basi alfajiri, na saa sita baskeli iko mbele ya mzee. Nami nilitaka hivyohivyo. Baba Nekesa akasema baskeli haipelekwi na basi kama kuku. Twende tukiendesha, siku tatu, tulale kwenye hema, iwe likizo. Halafu, kwa kuwa njia fupi ya Busia ameshaizoea, tuzungukie Malaba na Tororo akauone ule mwamba mkubwa wa pale mjini. Nikakubali. Hapo nilikosea, na sehemu ya hasira hii ni yangu mwenyewe.

Bungoma hadi Malaba

Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili. Tukaondoka saa tatu na nusu, kwa sababu bwana alikuwa akipanga mifuko na kuipangua. Alivaa kaptura ya kubana, ile inayoonyesha mpaka mawazo ya mtu, tukapita nayo mbele ya kanisa letu wakati akina mama wanatoka kwenye maombi. Niliangalia upande wa pili wa barabara.

Yeye ana baskeli ya gia ishirini na moja, nyepesi, na nyuma yake kajikeria ka aluminiamu kalikobeba hema. Hema alilinunua mitumba. Lina madoadoa ya kijani na kahawia, na alilisifu kwamba ni imara kuliko la dukani. Likumbukeni hilo hema.

Kila kilima alisimama kupiga picha. Kila mto. Kila mbuzi! Nikimwambia twende, ananijibu haraka haraka haina baraka. Methali hizi mtu akizitumia vibaya zinauma kuliko tusi. Tulifika Malaba jioni, malori yamepanga foleni mpaka huoni mwisho wake, madereva wanapika chini ya matela. Tukapewa uwanja wa kanisa tupige kambi. Mchungaji aliliangalia hema akacheka, "Mzee, umetoka vitani?" Hakuna aliyejali. Bado tulikuwa Kenya, na kwetu ni kwetu.

Asubuhi tukavuka. Makaratasi ya mpakani sitayasimulia, mnayajua. Lakini kabla ya geti, nikiwa nimesimama namsubiri mume wangu amalize picha ya lori, nikasikia keria imelemewa. Nageuka, mama mmoja mfanyabiashara na furushi lake la vitenge ameshakaa upande, miguu inaning'inia.

"Twende ng'ambo, hawa wa pikipiki wamenichosha," akasema. Halafu akaniangalia vizuri. "Weh! Siku hizi hata akina mama wanabeba?"

Nikataka kumwambia mimi si boda. Nikashindwa. Nikakanyaga pedali nikampeleka, taratibu, nikipiga kengele kama Baba. Alipofika akashuka, akasoma kiti. "Rudi salam. Sasa nitarudije na hata sijaenda?" Akacheka, akanipa ndizi mbili. Katika safari nzima hizo ndizo dakika kumi nilizokuwa na furaha, na nataka mzihesabu, ili msiseme nimezaliwa na hasira.

Malaba hadi Tororo

Kilomita chache mbele ya mpaka, kajikeria ka aluminiamu kakakatika. Hema likadondoka katikati ya barabara, dereva wa lori akatupigia honi ndefu mpaka nikasahau jina langu. Tukasukuma baskeli kwa miguu, jua la mchana kichwani, mpaka Tororo, mwamba umesimama juu ya mji unatuangalia tu.

Tukapata fundi wa baskeli karibu na soko, mzee mmoja mpole mwenye benchi la mbao. Nikaenda kutafuta chakula. Nikarudi na chapati zilizofungwa mayai ndani, wenyewe wanaziita roleksi, na Baba Nekesa aliposikia hilo neno akaficha mkono wenye saa. Nilicheka, siwezi kukataa. Kisha nikaona hema liko kwenye baskeli yangu, limelala juu ya keria, na kiti hakipo.

"Kiti kiko wapi?"

"Kilikuwa kinazuia hema lisikae sawa. Fundi amefungua zile nati, nimekiweka ndani ya hema, nimekikunja humo kisipate vumbi. Mzee akione kikiwa kipya."

Nikamsifu. Mungu anisamehe, nilimsifu! Nikamwambia leo umefikiria kama mkwe.

Halafu akataka kupanda mwamba. Nikamwambia Baba anatungoja. Akasema ni dakika ishirini. Nilikaa chini ya ule mwamba saa mbili na dakika, nalinda baskeli mbili, nakula karanga moja moja. Akarudi. Hata kileleni hakufika. Kuanzia hapo nikaapa sisemi naye mpaka Lumino, na kiapo hicho nacho kilituponza.

Tororo hadi Bulumbi

Sitadanganya, nchi ile ni nzuri. Tuliacha lami tukashika njia za udongo mwekundu kushuka kuelekea Bulumbi. Ulezi umesimama, mihogo imefunga kivuli, kwenye mabonde watu wako ndani ya mpunga mpaka magotini. Kila tuliyepishana naye alitusalimia mpaka tukapotea machoni pake. Ningekuwa na mtu wa kuongea naye ningeongea.

Kwenye saa kumi na moja na nusu, Baba Nekesa akaona uwanja safi nyuma ya boma moja, na mama mmoja wa makamo anaanua mihogo mikavu kwenye turubai. Mimi nimenuna, nimebaki nyuma. Akamwendea na Kiswahili chake cha taarifa ya habari.

"Shikamoo mama. Sisi ni wasafiri kutoka Kenya. Tunatafuta mahali pazuri pa kupiga kambi."

Yule mama akaacha mihogo. "Nyinyi nataka kupiga kambi?"

"Ndiyo, mama. Leo hii, kabla giza halijaingia."

Mama akapiga ukelele mmoja mrefu, ule wa msiba au wa mwizi. Kabla sijashuka kwenye baskeli tumezungukwa na watu kama thelathini, majembe mkononi. Akaja mwenyekiti wa kijiji, mwanamume mwembamba mwenye miwani na daftari la shule. Akakaa kwenye kiti alicholetewa, akafungua daftari.

"Nyinyi nataka kupiga kambi gani?"

"Kambi yoyote, mzee," akasema mume wangu, tena kwa tabasamu. "Hata ndogo."

Watu wakaguna.

"Nyinyi watu wawili tu?"

"Wawili tunatosha. Tumeshazoea. Jana tumepiga Malaba."

"Jana napiga Malaba!" mwenyekiti akawatafsiria watu, na kundi likarudi nyuma hatua moja. Mtu mmoja akauliza kama ndiyo maana malori yamesimama kule.

Nyinyi mnacheka. Mimi hapo nimenyamaza kwa kiapo changu cha kipumbavu, nafikiri ni ada ya uwanja wanajadili. Nilishtuka niliposikia mwenyekiti anasema askari waitwe. Ndipo nikaelewa. Kule, Kiswahili ni lugha waliyoisikia zaidi kwa wanajeshi. Kambi ni ya jeshi. Na kupiga ni kupiga. Bwana Wafula alikuwa anaomba ruhusa kwa heshima zote avamie jeshi la watu na kesho asubuhi aondoke zake.

Nikafungua mdomo. Nikaongea Kisamia, lugha ya Baba na yao, nikawaambia huyu mtu ni Mbukusu wa Kenya, amesoma sana na akili imemzidi, mumsamehe. Mimi ni binti wa Egesa wa Lumino, na baskeli hii ni yake.

Bibi mmoja aliyeketi chini akainua kichwa. "Egesa gani? Salam? Yule wa kiti chekundu?"

"Ndiye!"

"Alinivusha mimi na mimba ya huyu," akasema, akimwonyesha mwenyekiti. "Kiti kiko wapi basi?"

"Kimo humu," nikasema kwa majivuno, nikipiga hema kofi. "Fungueni wenyewe muone."

Wakafungua. Hema likatandazwa kwenye uwanja, madoadoa yale ya kijani na kahawia, nguo ya jeshi tupu, kubwa kama nyumba. Na ndani yake hakuna kiti. Hakuna chochote, ila sufuria na soksi za Baba Nekesa.

Kelele zilizotoka pale sitaki kuzikumbuka. Lakini mimi sikuzijali hizo kelele. Nilikuwa namwangalia mume wangu, naye anaangalia viatu vyake. Hapo nikajua alijua.

Mwenyekiti akanyamazisha watu. Akaniambia kama mimi ni mtoto wa Salam, nitoe simu. Akaipiga mwenyewe, akaiweka kwa sauti kubwa, na sauti ya Baba ikajaa uwanjani. Akaelezwa. Baba akasema, "Nyinyi mumuulize huyo mama. Kile kiti, mama yake aliandika nini?"

"RUDI SALAM," nikajibu.

"Na kingine?"

"Na A iko chini."

Baba akacheka kwenye simu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike mama. "Huyo wangu. Mpeni chakula." Watu wakaanza kushusha majembe. Nami nikadhani yameisha. Ndipo akaniuliza, mbele ya kijiji kizima, "Nafula, kiti kipo?"

Mnaona nilipowekwa? Nikatazama lile hema tupu.

"Kipo, Baba."

Maisha yangu yote sijawahi kumdanganya baba yangu. Nilimdanganya akiwa na jicho moja, na hilo moja likiwa linamuaga.

Kwa mwenyekiti

Watu wale wana utu, lazima niseme. Mwenyekiti alitupa chumba cha kuhifadhia ulezi, hema akalifungia kwake, akasema hilo halirudi barabarani likiwa hai. Mke wake akatupakulia kalo, ule ugali wa ulezi na muhogo, na dagaa waliopikwa kwa karanga. Wenyewe wanawaita mukene. Baba Nekesa akasema kwetu ni omena, akataka kueleza tofauti ya majina. Nikamwangalia, akaendelea kula.

"Mzee," mwenyekiti akamwambia, "siku nyingine wewe nasema tu, naomba kulala. Basi. Kila mutu nalala."

Tulipobaki wawili nikauliza. Kumbe kiti kilibaki juu ya benchi la fundi. Fundi alikifungua, wakahangaika na kamba za hema, na bwana akakisahau huku akiamini ameshakikunja humo. Alikumbuka akiwa juu ya mwamba, mnasikia? Juu ya mwamba, na benchi la fundi analiona kule chini! Akashuka, akanikuta nimenuna, akaogopa kusema.

"Nilifikiri tutakipitia tukirudi, Mama Nekesa."

"Tukirudi."

"Mzee si anataka kuona baskeli? Baskeli ipo."

Mimi nina sauti, nyote mnaijua, inatoka jikoni inafika bwenini. Siku hiyo haikutoka. Nilimwambia polepole kwamba chuma hicho Baba amekijua kwa mikono miaka yote, hahitaji jicho kukiona. Anachotaka kuona ni uzi wa mkewe. Nikamwambia kesho alfajiri utarudi Tororo na gia zako ishirini na moja, uchukue kiti, unifuate Lumino, na usipige picha hata ya inzi.

Bulumbi hadi Lumino

Tuliagana bila kuagana. Yeye kaskazini, mimi kusini, saa kumi na mbili asubuhi. Kwa nini sikumsubiri? Nilijiuliza njia nzima. Lakini jicho lile lilikuwa linaishi siku kwa siku, na niliona heri aione baskeli bila kiti kuliko akose vyote.

Blackmamba haina gia. Kilima ukikiona, unashuka unasukuma. Kufika Masaba mnyororo umetoka mara tatu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Kila kituo vijana wananiita, "Mama boda! Mama boda!" na wanawake wananiuliza nabeba mpaka wapi na kiti kiko wapi. Nilimfokea mmoja asiye na kosa, mama wa watu na kikapu chake cha mayai. Kama unasoma haya, mama wa mayai, nisamehe, hukuwa wewe.

Saa tano mawingu yakaja kutoka ziwani. Nikaendesha kichwa juu, naangalia mbingu kuliko barabara, namwambia Mungu maneno ambayo hayamo kwenye kitabu cha maombi. Yakapita. Nikaingia nyumbani Lumino saa sita na robo, jua limesimama, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu.

Baba alikuwa ameketi nje, katikati ya uwanja, mahali pasipo na kivuli chochote. Amevaa koti. Amenyoa. Tangu saa tano alikuwa hapo, akingoja mwanga.

Nikaisimamisha mbele yake. Akainamisha kichwa upande, kama kuku anavyoangalia punje, akiitafuta kwa lile tundu dogo lililobaki. Akaona usukani. Akaona kengele, akacheka. Akasogea taratibu mpaka nyuma, kichwa kimeinama vilevile, akafika kwenye keria. Akainama karibu zaidi.

"Sioni kiti."

"Kinakuja, Baba. Wafula anakileta."

"Ulisema kipo."

"Kipo. Kiko njiani."

Hakunigombeza, heri angenigombeza. Akasema, "Basi tutakiona kesho saa sita," akarudi kwenye kiti chake akaendelea kukaa juani, mpaka jua likaondoka.

Baba Nekesa alifika saa kumi na moja, vumbi mpaka kwenye kope, kiti amekifunga mgongoni kwa kamba kama mtoto. Fundi alikuwa amekifuta na kukitunza. Baba akakipokea, lakini mwanga wake ulishakwisha. Akakiweka chini ya kitanda, akasema hatakigusa sana, asije akakizoea kwa mikono kabla ya kukiona.

Saa sita

Kesho yake hapakuwa na wingu. Jua lilitoka kali tangu asubuhi, mabati yanalia. Nilikifunga kiti mwenyewe, nati nne, nikapangusa RUDI SALAM mpaka uzi ukang'aa. Saa sita nikamshika Baba mkono nikamkalisha palepale jana alipokaa. Jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso.

Akainamisha kichwa upande. Akakiinamisha upande mwingine.

"Nafula," akasema, "leo jua halitoki?"

Baba Nekesa alikuwa amesimama pale na simu yake, tayari kupiga picha. Akaishusha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na methali.

Siku moja. Saa mbili za mwamba na nati nne. Mkitaka kujua kisirani changu kimetoka wapi, kimetoka hapo, na bado sijamaliza nacho. Msiniambie ni mapenzi ya Mungu. Mungu alileta jua siku zote mbili.

Baba alielewa mwenyewe. Alipeleka mkono kwenye paji la uso, akasikia joto la jua. Kisha akanyoosha mkono, nikauongoza mpaka kwenye rexine. Vidole vikapita R, vikapita U, vikaenda mpaka M vikafika ukingoni. Vikazunguka vikaingia chini ya ubao. Vikakaa huko kwenye A.

"Hakutaka kufumua," akasema. "Nilimwambia afumue. Akasema atakayekaa hapa hatasoma, na atakayesoma hatakuwa amekaa."

Halafu akainuka. "Nikalishe."

"Wapi, Baba?"

"Hapa. Miaka yote hiyo sijawahi kukaa hapa hata siku moja."

Tukamkalisha, Baba Nekesa ameshika upande mmoja, kwa mikono miwili na kwa adabu. Nikapanda mbele. Baba akanishika kiunoni, mwepesi mpaka nikaogopa. Tukatoka uwanjani tukaingia njiani, pedali zinalia. Akaegemeza kichwa mgongoni kwangu.

"Kumbe," akasema, "hapa nyuma hata mwenye macho haoni kitu. Mgongo wa mtu tu."

Nikaendesha. Nililia, na hapakuwa na wa kuniona, aliyekuwa nyuma hakuona na mbele hapakuwa na mtu. Baada ya kidogo akanipiga kofi begani, vilevile alivyonifundisha pale mpakani nikiwa darasa la tano.

"Piga kengele, mama. Watu watoke njiani."

Njia ilikuwa tupu mpaka mwisho wa upeo. Nikaipiga.